Dakika Tano za Bi Jihan

Presha ya Bi Jihan ilikuwa maarufu kuliko Bi Jihan mwenyewe. Mtaa mzima wa Kibokoni ukiijua. Ilipanda siku Taha, mwanawe wa pekee, alipotamka neno la kuhamia Nyali; bibi akashika kichwa, akaegemea nguzo, na Nyali ikasahauliwa. Ilipanda siku jirani alipojenga ukuta mbele ya dirisha lake. Ukuta ukabomolewa kabla saruji haijakauka. Ilipanda kwa posa mbili za mjukuu wake Nabiha, na washenga wa posa ya pili walitoka mbio hata mmoja wao akaacha kiatu kimoja ngazini, ambacho paka wa mtaa ule wanazalia ndani yake mpaka leo. Na katika miaka yote hiyo hakuna kiumbe aliyepata kuipima. Bi Jihan aliijua presha yake kwa kuihisi, kama mpishi anavyoijua chumvi.

Jumamosi ile Nabiha alirudi kutoka chuoni Tudor na joho begani na cheti mkononi. Usaidizi wa tabibu, mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amejifunza kupima joto na uzito, kufunga kidonda, kutoa damu bila ya kumliza mtu, kuandikisha wagonjwa wasigombanie zamu. Alipoitwa jina pale jukwaani alitembea kama aliyebeba maji kichwani, wala hakumwaga tone. Lakini furaha yake aliikunja pamoja na joho, akaitia mkobani, kwa sababu siku ile ilikuwa na nusu mbili. Asubuhi ilikuwa ya cheti. Baada ya alasiri, Thoya angeleta posa.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye mtihani wa vitendo.

Idrisa Thoya alikuwa kijana wa Majengo, Mgiriama, watu wao wa Kaloleni. Asubuhi alitengeneza tuktuk na mjomba wake Kenga, na mchana aliingia darasani kucha zake zimesuguliwa kwa ndimu hata zikang'aa. Mwaka na nusu alikaa safu ya nyuma ya Nabiha. Hawakupeana ila daftari na neno "asante". Ela daftari lile likirudi lilikuwa na harufu ya ndimu, naye Nabiha akilifungua nyumbani, alisoma ukurasa mmoja kwa saa nzima.

Mwalimu wao Kasyoka, mama wa Kikamba asiyecheka kabla ya saa sita, alikuwa na desturi ya kuwafundisha wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Siku ya mtihani tu ndipo walipopiga kura, majina yakatiwa ndani ya kofia. Nabiha akatia mkono, akakunjua karatasi. Idrisa Thoya.

Akamfunga mkanda wa mashine ya presha. Namba ikatoka mia na hamsini na nne.

"Apumzike dakika tano," akasema Mwalimu Kasyoka. "Asiseme neno. Kisha pima tena."

Dakika tano Thoya alitazama dari, na Nabiha akatazama viatu vyake. Akapima tena. Mia na hamsini na nane.

Mwalimu akamwita mwanafunzi mwengine, Kiti, kijana mzito mwenye mikono kama ya mchinjaji. Kiti akafunga mkanda, akabonyeza. Mia na kumi na sita.

Mwalimu Kasyoka akaitazama karatasi yenye namba tatu. Akamtazama Nabiha. Akamtazama Thoya. Kisha akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Binti, umepasi," akasema. "Na wewe kijana, huo ugonjwa wako haumo katika mtaala wangu. Peleka wazee kwao."

Basi wazee ndio hao, wanapanda ngazi.

Walikuwa wawili tu: mjomba Kenga, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, na Thoya mwenyewe. Kwa desturi bwana harusi hafuatani na posa yake. Bi Jihan ndiye aliyetaka. "Aje na mwenyewe, nimwone," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwizi aje na alichoiba.

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," Taha akaitikia. Taha aliuza udi na marashi, na kwa kuishi na manukato alikuwa amejifunza kuwepo mahali bila ya kusikika. "Karibuni. Piteni, kaeni."

Wakakaa. Katikati ya ukumbi palikuwa na sinia limefunikwa kwa kawa jekundu la ukili. Chini yake, halua. Na kila mtu mjini alijua sheria ya nyumba ile: kawa la Bi Jihan halifunuliwi mpaka posa ikubaliwe. Washenga wa mara mbili za kwanza waliondoka hawajui hata rangi ya halua yenyewe.

Nabiha alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Aliona bega moja la Thoya na nusu ya sikio, ikamtosha.

Kenga akakohoa. "Mama, tumekuja na maneno machache. Tumepita, tukaona ua katika bustani yenu…"

"Bustani gani?" akauliza Bi Jihan. "Hapa pana chungu kimoja cha mrehani, nao nimeupanda mimi."

"Basi tunaomba mrehani, mama."

"Kazi yake nini huyu?"

"Msaidizi wa tabibu. Cheti amekipata leo, pamoja na binti yenu. Jumatatu aanza kazi zahanati ya huko Feri."

"Msaidizi." Bi Jihan alilizungusha neno mdomoni kama aliyekuta kokwa kwenye tende. "Lori lina dereva, tena lina utingo. Huyu ni utingo wa daktari."

"Ni kweli, mama," akasema Kenga. "Lakini lori likikwama mlimani likaanza kurudi nyuma, dereva hushika usukani akasali. Anayeruka chini akatia gogo kwenye gurudumu ni utingo."

Taha akainamisha kichwa, asionekane anatabasamu.

"Watu wa Majengo mna midomo," akasema Bi Jihan.

"Tumeazima kwa majirani, mama."

Bi Jihan akamgeukia Thoya, akamkagua toka kofia hadi soksi. "Na wewe, wajua kwamba mjukuu wangu babu zake wahesabika saba? Kwa majina, na makaburi yao yapo. Wako je?"

"Wangu pia wanahesabika, mama," akajibu Thoya taratibu. "Ni vile hawakuandikwa. Mjomba hapa anawajua kumi."

"Kumi na mmoja," akasema Kenga.

Nyuma ya pazia Nabiha aliuma ncha ya mtandio wake. Alitamani lile sikio ligeuke kidogo. Kama lililosikia, likageuka, na kwa nukta moja jicho la Thoya likakutana na lake katika ufa wa pazia. Halikukaa. Lakini Nabiha alihisi joto likimpanda shingoni, joto ambalo kipimajoto chochote kingelikataa.

"Mama," Taha akaanza, "mimi naona…"

"Waona nini?"

Taha akaona haoni kitu tena.

"Nitawaambia ninaloliona mimi," akasema Bi Jihan. "Yupo Haroun, mwana wa binamu ya baba yake, yuko Maskati, ana duka la simu lenye milango mitatu ya kioo. Mwana wa watu, namjua toka akitambaa. Kwa nini nimtoe mwari wangu akakae Majengo na mtu ambaye…"

Pazia likafunuka.

"Bibi," akasema Nabiha, "mimi namtaka huyu."

Mrehani wenyewe uliacha kunukia. Katika nyumba ile binti hakupata kutoka mbele ya washenga, sembuse kusema. Bi Jihan akamtazama mjukuu aliyemlea kwa mikono yake tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, siku mama yake alipozikwa. Kisha, polepole, kama nahodha anayetoa bendera, akapeleka kiganja kwenye paji la uso.

"Presha," akasema. "Yapanda. Naihisi imefika masikioni."

Kila mtu aliijua zamu yake. Taha alikwisha kusimama kwenda kutafuta marashi ya kumnyunyizia. Kenga, ambaye habari za kile kiatu kilichoachwa alikuwa nazo, alianza kuvitafuta viatu vyake mlangoni kwa macho. Thoya peke yake hakutikisika, naye alikuwa amegeuka rangi.

Nabiha akaenda kwenye mkoba wake, akaondoa joho na cheti, akaviweka kando, na chini yake akatoa mashine ndogo ya betri yenye mkanda wa kijivu.

"Basi tuipime, bibi."

"Kupima nini?"

"Presha. Mwaka na nusu nimesoma kupima presha. Nimempima baba, nimempima muuza kahawa, nimewapima majirani mpaka wakanikimbia. Mkono wako tu ndio ulioninyima."

"Mimi naijua presha yangu."

"Wewe waijua. Wageni hawaijui. Watateremka ngazi waseme Bi Jihan anajifanya."

Bi Jihan akashusha kiganja. Akamkazia Kenga macho. "Nani atasema hivyo?"

"Mimi sisemi, mama," akasema Kenga. "Ela midomo ya Majengo, umeitaja mwenyewe."

Bi Jihan alivuta tasbihi yake kutoka kifuani, akaizungusha kidoleni. Alikuwa mwanamke wa kiburi, na kiburi kikiguswa hakiombi ushauri.

"Haya, ipimwe. Lakini sikiliza, mwana. Ikiwa juu, posa hii imekufa hapa hapa, nawe utaolewa na Haroun pasi na kunung'unika. Wanisikia?"

Nabiha alimtazama Thoya. Wote wawili walikuwa na cheti, na wote wawili walijua mkono wa kizee wa miaka sabini na mitatu, baada ya nusu saa ya kugombana, utasema nini. Thoya akainamisha kichwa kidogo sana, kama anayesema: pima, tuliyosoma ni ya kweli.

"Nakusikia, bibi. Na ikiwa sawa?"

Hilo Bi Jihan hakuwahi kulifikiria. "Ikiwa sawa," akasema akitafuta, "nitalifunua kawa kwa mkono wangu. Ela hupimi wewe. Wewe ni damu yangu, utanisomea huruma. Apime huyu utingo."

Thoya akaomba maji, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaikausha. Akavuta kigoda, akakaa chini ya usawa wa Bi Jihan.

"Mama, kwanza dakika tano. Mgongo uegemee, mkono ulale juu ya mto, miguu yote miwili chini. Na usiseme neno."

"Mimi?"

"Wewe, mama."

"Nisiseme?"

"Hata moja. Ukisema, twaanza upya."

Taha alikamatwa na kikohozi ikabidi ageukie dirishani. Bi Jihan hakupata kunyamaza dakika tano tangu aachishwe ziwa. Alisema akipika, alisema akisuka, na usingizini aligombana na watu waliokufa zamani, akiwashinda. Lakini wageni walikuwa wanatazama. Akaegemea, akafumba mdomo, akafumba na macho. Vidole vyake tu vilibaki vikitembea juu ya tasbihi.

Thoya akavua saa, akaiweka kwenye kiganja. "Twaanza."

Kimya kilichoingia ukumbini kilikuwa kigeni, hakikujua kikae wapi. Chini barabarani muuza kahawa aliyekuwa akipita akigonganisha vikombe vyake alifika chini ya dirisha, akasikia nyumba ya Bi Jihan haina sauti, akavua kofia na kusoma innalillahi.

Dakika moja. Ya pili.

Nabiha akamsogelea baba yake pale dirishani. "Baba," akanong'ona, "bibi haruhusiwi kusema."

Taha akamtazama. Akamtazama mama yake aliyefumba macho. Akageuka akautazama ukumbi wote, kama mtu aliyekaa nyumba ya kupanga miaka hamsini, leo anaambiwa ni yake. Akafungua mdomo, na kwa mazoea akaufunga. Akaketi.

Dakika ya tatu ikapita. Nabiha alikunja vidole ndani ya viganja mpaka kucha zikauma. Sema, baba. Sema chochote. Ya nne ikapita. Taha alikuwa anasogeza midomo bila sauti, anayapanga maneno kama anavyopanga chupa za marashi, moja moja, asivunje.

Thoya akainua kichwa. Dakika tano zilikuwa zimetimia.

"Nina neno," akasema Taha.

Nabiha aliuona mkono wa Thoya ukifunika uso wa saa. Thoya, ambaye chuoni walimwita Saa ya Ukutani kwa kutoachia hata nukta moja, aliweka kiganja juu ya saa ile kama anayefunika kinda la ndege, akatazama sakafu.

"Mimi si msemaji," Taha akaendelea. "Nyumba hii ina msemaji wake, Mungu amweke. Lakini mama yake Nabiha alipougua, Mungu amrehemu, walikuja madaktari, wakasoma karatasi, wakaenda zao. Watu wazuri, siwalaumu, walikuwa na wagonjwa wengi. Aliyekuwa akimgeuza ubavu, akimnywesha maji kwa kijiko, akimuuliza umelalaje mama, alikuwa kijana mmoja mwenye koti la kijani. Msaidizi. Sikumuuliza jina. Nina miaka kumi na miwili najuta kwamba sikumuuliza jina."

Akamgeukia Thoya.

"La huyu nimeuliza. Idrisa Thoya. Mama ameweka sharti lake, na namba ikiwa juu nitamtii, kama nilivyomtii maisha yangu yote. Lakini baba ni mimi, na walii ni mimi, na wageni wasiondoke hawajui: mimi posa nimeikubali."

Kwa miaka kumi na miwili Nabiha hakumsikia baba yake akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Kenga alikuwa anajifuta jicho kwa ncha ya kofia, akijifanya ni jasho. Macho ya Bi Jihan yalikuwa yamefunguka. Mdomo nao ukafunguka. Wote wakangoja radi.

Mdomo ukafungwa. Tasbihi ikaendelea.

Thoya akasubiri kidogo tena, kisha akaondoa kiganja juu ya saa. "Zimetimia," akasema. "Mama, naomba ruhusa nikushike mkono."

Bi Jihan alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akauinua mkono mwenyewe, akaulaza juu ya mto.

Thoya akakunja mkono wa kanzu ya Bi Jihan, akafunga mkanda vidole viwili juu ya kiwiko, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikakaza, ikaanza kulegea. Kioo chake kilimwelekea yeye peke yake. Nabiha hakuiona namba. Aliuona uso.

Kidole cha Thoya kilikuwa kando ya kitufe. Angekibonyeza, namba ingefutika, akasema imekosea. Nani angejua? Nabiha alijua kwamba angeweza, na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, alitamani afanye.

Thoya akageuza kioo, wazee wakaona.

"Mia na hamsini na mbili," akasema, "kwa tisini na nne. Iko juu."

Kenga alifumba macho. Taha alishika tama. Thoya alianza kuufungua mkanda kwa upole, taratibu, asimwumize kizee yule ambaye alikuwa ameshamwondolea kila kitu. Wala Bi Jihan hakusema kitu. Hakushangilia. Na hilo ndilo lililomshitua Nabiha: bibi yake ameshinda, na hasemi?

Akamtazama toka juu: kichwa, mgongo, mkono. Akashuka mpaka sakafuni. Chini ya pindo la leso palichungulia kisigino kimoja tu.

"Thoya," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya wakubwa, na lilitoka kama lililozaliwa kinywani mwake. "Tazama miguu."

Thoya akatazama. Mguu wa kulia wa Bi Jihan ulikuwa umepandishwa juu ya wa kushoto, leso imefunika vizuri.

"Bibi, umepandanisha miguu."

"Nimezoea," akasema Bi Jihan.

"Kipimo hicho hakihesabiki," akasema Nabiha. "Miguu ikipandana, namba hupanda. Mjomba Kenga, hata Mwalimu Kasyoka angekuwapo angelisema hilo. Ipimwe upya."

"Ipimwe," akasema Taha, na kila mtu akageuka, kwa kuwa sasa alikuwa amesema mara mbili kwa siku moja.

Miguu ikatua chini, yote miwili. Wakangoja dakika moja kamili, na safari hii saa aliishika Kenga. Mkanda ukafungwa. Mashine ikanguruma. Thoya hakukitazama kioo. Aliwageuzia wazee toka mwanzo, na Taha ndiye aliyesoma, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mia na ishirini na sita," akasema. Akafuta kioo kwa kidole, akasoma tena. "Kwa sabini na nane."

"Maana yake nini?" akauliza Kenga.

"Maana yake," akasema Nabiha, machozi yakimteremka na kicheko kikimpanda, yakakutana njiani, "bibi yangu ana presha ya mwari wa miaka ishirini."

Kenga akapiga paja. Thoya alibaki ameinama juu ya kigoda, mikono imening'inia, kama hamali aliyetua gunia hajaamini kwamba limetoka mgongoni. Kisha akainua macho yakakutana na ya Nabiha, na safari hii hakuna aliyeyaondoa.

"Dakika zako zilikuwa ngapi?" ikauliza sauti ya Bi Jihan.

Thoya akashituka. "Tano, m…" Akakatiza. Akashusha pumzi. "Saba, mama."

"Saba. Tasbihi hii mzunguko mmoja ni dakika moja. Miaka hamsini naivuta, haijanidanganya. Nimezunguka mara saba. Ya tano ilipokwisha nilikuwa na haki ya kusema."

"Na mbona hukusema, bibi?" akauliza Nabiha.

Bi Jihan akamgeukia mwanawe. "Taha, mwari akiulizwa kama amtaka mume, akanyamaza, shekhe huandika nini?"

"Huandika kwamba amekubali, mama."

"Basi mwajua nyote. Au mwadhani kimya ni cha mwari peke yake, kizee hana?"

Nabiha akapiga magoti mbele yake, akaushika ule mkono uliokuwa mtoro mwaka na nusu, akaubusu. "Na miguu je?"

"Wewe wasoma madaftari yako kwa sauti humu ukumbini kila jioni. Mgongo uegemee, miguu isipandane. Mkono nilikunyima, ela masikio hayana mlango." Akamwonyesha Thoya kwa kidevu. "Nilitaka nimwone huyu. Namba ikimnyima mke, ataisema au ataimeza. Haroun angeimeza, na maji juu yake. Huyu ameisema."

Akainuka bila kushika nguzo. Akaenda katikati ya ukumbi, akalifunua kawa kwa mkono wake mwenyewe. Halua ilikuwa nyekundu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kibokoni wageni waliijua rangi yake. Akamega kipande, akamtilia Thoya kwenye sahani. Kisha akauokota mkanda wa kijivu.

"Njoo hapa, kijana. Nabiha asikuguse, hujawa mumewe. Nitakufunga mimi."

Akamfunga mkanda vidole viwili juu ya kiwiko, sawasawa, kama aliyesomea. Akabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Mashine ikanguruma, na Thoya akafanya kosa moja: akamtazama Nabiha.

Taha akasoma. Akafunika mdomo. "Mia na sitini na moja, mama."

"Yapanda," akasema Bi Jihan akijilambia halua kidoleni. "Naiona imefika masikioni. Mletee marashi huyu. Na harusi isipite mwezi huu, asije akatufia." Akamrushia Nabiha tasbihi ikatua juu ya cheti chake. "Presha ya nyumba hii nimemrithisha utingo huyu. Mimi nimestaafu."